Mstari wa homa kwenye daftari la hisabati

Kipimajoto kilifika Mbagala ndani ya boksi la nguo za watoto na sabuni, zawadi ya shangazi anayeishi Marekani. Kikakaa kabatini miezi minne bila kazi. Siku kilipotolewa, mtoto wa mwisho wa nyumba hiyo, mvulana wa miezi 14, alikuwa amelala kifuani kwa mama yake, mwili unachemka. Saa zilikuwa 3 usiku. Kioo kidogo kikaandika 101.3.

Mama alilijua joto kwa namba za zahanati: 36 na kitu mtoto yuko salama, 38 ana homa, 40 hakuna kusubiri. Mia moja na moja hakuwahi kuisikia popote isipokuwa kwa maji ya kupikia.

“Kitu chenyewe kibovu hicho,” alisema bibi, akamgusa mjukuu wake shingoni kwa mgongo wa kiganja. “Mtoto ana homa, basi.”

Bibi alikuwa sahihi kwa nusu. Mkono hutambua kwamba homa ipo. Hauwezi kusema ni kiasi gani, na kiasi ndicho mama alichotaka kukijua.

Aliyetambua tatizo ni binti mkubwa, mwanafunzi wa kidato cha kwanza, aliyekuwa mezani na kazi ya nyumbani ya hisabati ambayo tangu jioni hakuwa ameiandikia hata mstari. “Mama, hiyo ni Farenhaiti. Marekani ndiyo wanayotumia. Sisi tunatumia Selsiasi.”

“Sasa kwa Selsiasi ni ngapi?”

Binti akafungua daftari la Jiografia, somo la hali ya hewa, akakuta kanuni aliyoinakili ubaoni: F = 1.8C + 32. Akanyamaza. Kanuni ile ilikuwa inaenda upande usiotakiwa. Ukiwa na Selsiasi, unazidisha, unajumlisha, unapata Farenhaiti. Yeye alikuwa na Farenhaiti mkononi, na kugeuza mlinganyo ni jambo ambalo darasani lilipita haraka kabla hajalishika.

Wakati binti anakuna kichwa, mama alifanya yaliyokuwa ya kwanza. Alimvua mtoto sweta, akambakiza na fulana nyepesi, akampa ziwa. Mtoto akanyonya. Hakuwa anatapika, hakuwa na degedege, alipoitwa aligeuka. Mzazi yeyote aanzie hapo kabla ya kutafuta namba: mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, au aliyelegea na haamki vizuri, anapelekwa kituo cha afya saa hiyo hiyo, kipimajoto kiseme kinachosema. Na kwa mchanga wa chini ya miezi 2, joto la kwapani la 37.5 au zaidi, au lililoshuka chini ya 35.5, ni la kukimbiza hospitali, hata kama anaonekana mtulivu.

Huyu alikuwa na miezi 14 na ananyonya. Kulikuwa na muda wa kuchora.

Kwa nini kuchora? Kwa sababu grafu, tofauti na kanuni iliyoandikwa ubaoni, inasomeka pande zote mbili. Mstari ukishakuwepo kwenye karatasi, unaweza kuanzia chini ukapanda, au ukaanzia pembeni ukashuka. Huhitaji kugeuza chochote. Binti hakulisema hivyo, lakini alikumbuka kwamba kazi yake ya nyumbani ilikuwa ya namna hii hii: herufi mbili, namba ya kuzidisha, namba ya kujumlisha. Mlinganyo wa mstari mnyoofu.

Alianza na jedwali, kama mwalimu alivyofundisha. Unachagua namba kadhaa za upande mmoja, unazipitisha kwenye kanuni, unapata za upande wa pili. Shuleni huwa wanachagua 0, 1 na 2 kwa kuwa ni rahisi kuzidisha. Binti aliandika 0, akaifuta. Hakuna mtoto mwenye joto la 0. Akachagua 35, 37 na 40, namba zinazoishi ndani ya mwili wa binadamu. Uamuzi huo mdogo unaonyesha akili kuliko hesabu yote iliyofuata, na ni aina ya uamuzi ambao mitihani yetu haiutolei alama.

Kwa 35 alipata 63, akajumlisha 32, ikawa 95. Kwa 40 alipata 72, akajumlisha 32, ikawa 104. Kwa 37 aliandika 64.6, akajumlisha, ikawa 96.6.

Kisha skeli, mahali ambapo wanafunzi wengi huharibu. Alikuwa na karatasi ya grafu yenye miraba midogo ya milimita 2. Mhimili wa mlalo aliupa Selsiasi, kuanzia 35 hadi 41, sentimita 2 kwa kila nyuzi moja. Mhimili wa wima aliupa Farenhaiti, kuanzia 94 hadi 106, sentimita 1 kwa kila nyuzi. Hivyo kila mraba mdogo kwenda kulia ni sehemu ya kumi ya nyuzi, na kila mraba mdogo kwenda juu ni sehemu mbili za kumi. Angeanzia sifuri pande zote mbili, joto la mtoto lingebanwa kwenye kona ya juu ya karatasi na lisingesomeka. Mhimili unaruhusiwa kuanzia namba nyingine, mradi namba hiyo iandikwe wazi na hatua kati ya namba ziwe sawa mwanzo hadi mwisho.

Aliweka nukta ya 35, akaweka ya 37, akalaza rula, akapiga mstari hadi mwisho wa karatasi. Mstari ukaishia 99.8. Ile 101.3 ya kwenye kipimajoto haikuguswa popote. Kwa mstari ule, mtoto alikuwa amepita nyuzi 41 na anaendelea kupanda.

Mama yake ni fundi cherehani. Hisabati aliiacha darasa la saba, lakini mstari aliokunja au kunyoosha kwa macho tu tangu ujana wake ni mwingi kuliko wa mwalimu yeyote wa jiometri. Alimhamishia mtoto bega la pili, akainama juu ya meza.

“Hii ya juu umeiweka ya nini?”

Ilikuwa nukta ya tatu, ya 40 na 104. Ilikaa peke yake sentimita 5 juu ya mstari.

“Mlinganyo wa mstari mnyoofu, mama. Zote tatu zinatakiwa zikae kwenye mstari mmoja.”

“Hazijakaa. Fumua.”

Nukta ya tatu ipo kwa kazi hiyo. Nukta mbili popote duniani hupitiwa na mstari mmoja mnyoofu, ziwe sahihi au za makosa, na rula haibishi. Ya tatu ndiyo shahidi. Ikikataa kukaa kwenye mstari, kuna hesabu iliyoharibika mahali, ingawa yenyewe haisemi ni ipi kati ya tatu. Ndiyo maana binti alirudia zote, badala ya kuihukumu ile iliyokuwa peke yake. Ya 35 ilikuwa sawa. Ya 40, iliyoonekana mkosaji, ilikuwa sawa. Kosa lilikuwa kwenye 37: mara 1.8 ni 66.6, siyo 64.6. Ukijumlisha 32 unapata 98.6.

Raba ikafanya kazi yake. Nukta ya katikati ikapanda sentimita 2, zote tatu zikanyooka kama uzi uliovutwa.

Kusoma hakukuchukua muda. Binti aliweka kidole kwenye mhimili wa wima, katikati ya 101.2 na 101.4. Akaenda kulia bila kupanda wala kushuka mpaka akaugusa mstari. Kutoka pale akashuka wima hadi chini. Kidole kikatua kwenye 38.5.

“Thelathini na nane na nusu,” alisema mama, kwa sauti ya mtu aliyeletewa barua iliyotafsiriwa.

Ilikuwa homa ya kweli. Joto la kwapani linapofika 37.5 mtoto ana homa, na kwenye mstari wa binti hiyo ni 99.5. Nyuzi 38.5 ndipo wahudumu wa afya huanza kumpa mtoto parasetamoli. Nyumbani ilikuwepo chupa, ambayo dozi yake mama alikuwa ameandikiwa kwa uzito wa mtoto mwezi uliotangulia. Dozi nayo ni mstari mnyoofu: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo moja, na mstari wake huanzia sifuri kabisa, maana mtoto asiye na kilo hata moja hana dozi. Lakini dawa za maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti, kijiko cha chupa hii si kijiko cha chupa ile, kwa hiyo vipimo vya mililita viulizwe kwa mhudumu au mfamasia kwa chupa husika. Hapo pasikisiwe.

Usiku ule walipima mara tatu zaidi. Saa 5 kikasoma 100.4, na bibi, ambaye miwani yake ilivunjika mguu mmoja tangu Ramadhani, akaufuata mstari kwa njiti ya kiberiti na kutangaza 38 kabla ya mtu mwingine yeyote. Saa 8 usiku ilikuwa 99.9, wakabishana kidogo kama ni 37.7 au 37.8. Ni 37.7 na ushee. Saa 11 alfajiri ilikuwa imepanda tena, 102.2, yaani 39.

Karatasi haikuwaambia mtoto anaumwa nini. Hakuna grafu ya joto inayoweza. Homa kwa mtoto wa chini ya miaka 5 katika nchi yenye malaria inadai kipimo, na kipimo kile cha haraka cha tone la damu hutoa jibu ndani ya dakika 20 hivi. Saa 1 asubuhi mama alikuwa kwenye benchi la zahanati. Muuguzi alipouliza usiku joto lilikuwa ngapi, alijibiwa kwa mfululizo: 38.5, 38, 37.7, 39. Akainua uso kumtazama. Kipimo kikaonyesha malaria, mtoto akaanzishiwa dawa mseto.

Na hizo 32 na 1.8 zimetoka wapi? Ni swali ambalo mtoto akiuliza mzazi asiliruke, kwa kuwa jibu lake ni la kibinadamu kuliko kanuni yenyewe. Daniel Gabriel Fahrenheit aliitangaza skeli yake mwaka 1724, na kwa skeli hiyo maji huganda kwenye 32 na kuchemka kwenye 212. Anders Celsius wa Sweden akaja na yake mwaka 1742, yenye hatua 100 kati ya kuganda na kuchemka. Hatua 180 za mmoja zinalingana na hatua 100 za mwenzake: gawanya, unapata 1.8. Kwa kuwa mmoja anaanzia sifuri na mwingine 32 pale pale maji yanapoganda, hiyo 32 lazima ijumlishwe. Cha kuchekesha ni kwamba Celsius mwenyewe aliipanga kichwa chini: kwake maji yalichemka kwenye 0 na kuganda kwenye 100. Iligeuzwa baadaye. Tungekuwa bado tunaitumia ya kwake ya mwanzo, mstari wa binti wa Mbagala ungeshuka kadiri homa inavyopanda.

Tabia ya kuigeuza kanuni kuwa mchoro nayo ina umri. Mfaransa René Descartes alichapisha kitabu chake cha jiometri mwaka 1637, na ndiyo sababu mihimili hii miwili hadi leo inabeba jina lake darasani.

Jumamosi, mtoto akiwa ameanza kugombania maandazi, kazi ya nyumbani bado ilikuwa haijamalizika. Milinganyo minne, imeandikwa kwa Kiingereza, na jina la kitu kimoja ndilo lililomkwamisha binti tangu mwanzo. Mwalimu alitaka watafute mwinamo wa kila mstari. Neno la Kiingereza alilikariri, maana yake hakuwa nayo. Hili ni la watoto wengi wanaotoka darasa la saba wakiwa wanajua hesabu kwa Kiswahili, wanafika kidato cha kwanza wanakuta vitu vile vile vimevaa nguo nyingine, na wazazi wanakaa kimya kwa kudhani kwamba wasichokijua ni hisabati. Mara nyingi wasichokijua ni jina tu. Baba, anayeendesha lori na alikuwa njiani kuelekea Tunduma, alishauri kwa simu itafutwe hela ya tuisheni.

Mama aliisogeza mashine pembeni. “Nisomee huo wa kwanza.”

“Wai ni sawa na eksi mbili, jumlisha tano.”

“Hiyo si kikoba?”

Binti hakuelewa. Mama akaeleza kama anavyowaeleza wanachama wapya: unaingia kwa kiingilio cha shilingi 5,000, kisha kila wiki unaweka hisa ya 2,000. Siku ya kujiunga, wiki bado hakuna, una 5,000. Wiki ya tano una 15,000. Wiki ya kumi, 25,000. Ile 5 ni kiingilio, pale mstari unapoanzia kwenye mhimili wa wima. Ile 2 ni hisa, kiasi unachopanda kila unaposogea hatua moja kulia. Mwinamo ni hisa. Kikundi cha hisa kubwa, mstari mkali. Cha hisa ndogo, mstari mlegevu. Kiingilio kikiwa kikubwa, mstari unaanzia juu lakini haupandi haraka zaidi kwa sababu hiyo.

“Kwa hiyo 32 ni kiingilio cha Farenhaiti,” alisema binti polepole.

“Na hisa yake ni moja nukta nane. Andika.”

Watatu wa kwanza wakaisha kabla ya adhuhuri. Wa nne ulikuwa na alama ya kutoa mbele ya eksi: ishirini, toa eksi nne. Binti akaweka penseli chini. Kikoba kinachopungua kila wiki ni kikoba kilichoibiwa, alisema, na bibi akacheka mpaka akakohoa.

Mama alinyooshea kidole mita ya LUKU ukutani. Unanunua yuniti 20. Pasi, friji na cherehani ya umeme vinakula 4 kwa siku. Siku ya kununua uko kwenye 20 juu kabisa. Siku ya pili zimebaki 12. Siku ya tano mstari unagusa mhimili wa chini, na mnakaa gizani. Binti aliweka nukta hizo tatu, akalaza rula, mstari ukashuka kutoka kushoto kwenda kulia kama paa la banda.

Mzazi anayetaka kusaidia hivi asije akadhani kila kitu duniani ni mstari mnyoofu. Mama huyu nusura akwame hapo, siku alipompeleka mtoto kliniki baada ya dozi kuisha na binti akafuatana naye.

Kadi ya kliniki ni grafu ambayo mama wengi wamekuwa nayo mkononi bila kuambiwa kwamba ndiyo ile ile ya shuleni: umri kwenye mhimili wa mlalo, uzito kwenye wa wima, nukta moja kila mwezi. Binti aliitazama akaona kitu kisichomridhisha. Mistari iliyochapishwa pale imepinda. Inapanda kwa kasi miezi ya mwanzo, halafu inalegea.

Ni sawa ipinde. Mtoto aliyezaliwa na kilo 3 kwa kawaida hufikisha kama 6 karibu na mwezi wa tano. Ukilaza rula kwenye nukta hizo mbili, utamdai kilo 10.2 akifikisha mwaka mmoja, wakati wengi wakati huo huwa karibu na 9, mara tatu ya uzito wa kuzaliwa. Rula ingemhukumu mtoto mzima kabisa kwamba anadhoofika. Ndiyo maana mistari ile haikuchorwa kwa kanuni ya darasani. Shirika la Afya Duniani liliitoa mwaka 2006 baada ya kuwapima watoto wenyewe, walionyonyeshwa vizuri, katika nchi sita: Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani.

Lakini jicho lililozoea mwinamo halikupotea bure. Muuguzi alimpima mtoto: kilo 9.6. Akaweka nukta, akaiunganisha na ya mwezi uliopita, nayo ilikuwa 9.6. Kipande hicho cha mstari kililala.

“Hisa sifuri,” alinong’ona binti.

Muuguzi alisikia, ingawa hakujua ni lugha ya nyumbani gani. Akawaeleza kwamba malaria hufanya hivyo, mtoto anapoteza hamu ya kula na mwili unatumia akiba. Uji wake uongezewe karanga au maziwa, ale chakula kigumu mara nne badala ya tatu, aendelee kunyonya. Mstari ukilala mwezi mmoja baada ya ugonjwa unafuatiliwa. Ukilala miezi miwili, au ukishuka, unatafutiwa sababu, haungojwi.

Aliandika tarehe ya kurudi kwenye kadi. Binti akamwomba kalamu, akaweka kinukta kidogo cha penseli kwenye mwezi unaofuata, mahali ambapo angependa kaka yake afike, kisha akakizungushia duara kisije kikachanganywa na zile za kweli.